Kiwanja Namba Ishirini na Saba

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Siku binamu yake, muuza vigae, alipomletea notisi ya kuhama, aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaendelea kukata kitambaa cha watu. Notisi ilimpa siku thelathini. Ilisema kiwanja namba ishirini na saba, pamoja na nyumba alimozaliwa shangazi na ambamo alimuuguza mama yake mpaka mwisho, ni mali ya marehemu mjomba wake, baba wa huyo muuza vigae.

Baba yangu, mdogo wake shangazi, alimshauri wakae chini na binamu waelewane, kuepuka aibu. Yeye alishajenga kwake zamani, na alishatamka mbele yetu sote kwamba nyumba ya bibi ni ya dada yake. Kushauri ni rahisi ukiwa na paa lako. Shangazi alimsikiliza, akammiminia chai, kisha akavaa viatu akaenda ofisi ya ardhi.

Karani wa masjala alifungua daftari la majina, akaweka kidole: mwenye kiwanja ni mjomba. Kwake kazi ilikuwa imekwisha. Shangazi hakuinuka. Aliomba asome ukurasa mzima, na hapo damu ikamchemka, maana mjomba alionekana kumiliki viwanja vinne vya mtaa mmoja, vyote vya mwaka mmoja. Mjomba huyo huyo alikuwa mpishi wa kambi ya wajenzi wa barabara, na mpaka anakufa alikuwa amepanga chumba.

"Tajiri wa viwanja vinne anafukuzwa na mwenye nyumba kila mara?" alimuuliza karani. "Niletee hati zenyewe."

Akaambiwa hati za zamani ziko stoo, stoo imejaa vumbi, aje wiki ijayo. Akaja. Akaja na siku iliyofuata, na nyingine. Safari ya tano alibeba kazi yake, akakaa kwenye benchi la mapokezi akipiga pindo suruali za wateja kwa mkono, mpaka watu wakawa wanamuuliza yeye foleni inaanzia wapi. Karani ndiye aliyechoka kwanza, akashuka stoo.

Hati zilikuwa nne. Katika kila moja mnunuzi ni mwanamke: dobi mmoja, ambaye ndiye bibi yangu, na jirani zake watatu. Kila mmoja ameweka alama ya dole gumba. Mjomba ametia sahihi chini kabisa, kama shahidi, kwa sababu kati ya watu wao ni yeye tu aliyejua kuandika jina lake. Karani wa enzi hizo, alipofika kwenye daftari la majina, hakuona haja ya kuandika mwanamke. Aliandika mwanaume aliyefuatana naye. Mara nne, tena kwa mwandiko mzuri. Nakasirika mpaka leo.

Shangazi aliipinga notisi kwenye baraza la ardhi, na siku ya kusikilizwa, miezi baadaye, muuza vigae alikuja na wakili na nakala ya daftari. Shangazi alikuja na hati. Mwenyekiti alisoma zote mara mbili, akaamua kwamba daftari hujazwa kutokana na hati, kwa hiyo hati ndiyo inayosema. Notisi ikafutwa palepale.

Mimi, shangazi na baba tukaenda masjala kusahihisha daftari. Karani alifungua ukurasa, akashika kalamu, na kwa upole kabisa akashauri liandikwe jina la mwanaume wa familia, ili mbele ya safari pasiwe na usumbufu. Baba yangu alikuwa ameshaweka kitambulisho chake mezani.

Shangazi alikitazama. Miezi yote ile sikumwona ameumia kama dakika hiyo.

"Mdogo wangu, rudisha hicho mfukoni," alisema. Kisha akamgeukia karani. "Andika jina la mama yangu kwanza. Chini yake andika langu. Nitasimama hapa mpaka wino ukauke."

Karani akaandika, na baba akakirudisha kitambulisho mfukoni.