Upande Mmoja wa Kanga

Kwetu Pangani mwanamke mzima hatoki na upande mmoja wa kanga. Kanga hununuliwa doti, yaani pande mbili za rangi moja na jina moja: mmoja unajifunga kiunoni, wa pili unajitanda kichwani. Upande mmoja ni wa kupikia na kufagilia uani. Ukimwona mtu amekatiza mtaa na upande mmoja, ujue ama nyumba inaungua ama kafumaniwa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani ugomvi wa bibi yangu na kungwi wangu ulikuwa wa siasa. Ulianza kwa siasa, nakubali, lakini ulikuja kumalizwa na kanga.

Bibi ndiye aliyenilea. Kungwi wangu, yule aliyenifunza mambo ya utu uzima nilipovunja ungo, alikuwa Mpemba aliyeolewa Pangani tangu kigori, na mlango wake ulitazamana na wetu. Hao wawili walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Miaka ile ya shida, sabuni foleni, sukari foleni, na kanga mpya unaisikia kwa watu tu, walibahatika kupata doti moja ya kahawia yenye maua meupe. Doti moja, watu wawili! Bibi akachukua upande mmoja, kungwi akachukua wa pili, wakawekeana sharti. Mwenye harusi huuomba upande wa mwenzake. Mwenye msiba haombi. Huingia ndani, akafungua sanduku, akachukua, kwa sababu aliyefiwa hana mdomo wa kuomba. Wallahi waliishi hivyo miaka, na sikuwahi kusikia wakinuniana.

Kisha mambo yakalegezwa. Maduka yakajaa, kanga zikaning'inia milangoni kila rangi, na mitumba ikamwagwa chini kwa marobota. Kilichokosekana sasa ni cha kununulia, maana mashamba ya mkonge yalikuwa yamelala na wanaume wengi wamerudi nyumbani kukaa barazani. Ndipo redio ikatangaza vyama vingi. Bibi alifurahi kupita kiasi. Kwake yeye chama ni chama cha ngoma, kama kile alichokicheza usichanani kwake, cha kushindana na wenzao wa mtaa wa pili kwa sare na mapishi.

"Vyema," akasema. "Mji umepooza mno. Kitaanza kucheza kipi?"

Nilipomweleza kwamba hakuna ngoma, kuna kura tu, alisikitika kweli.

Vyama vilikuwa vingi redioni. Mtaani kwetu vilikuwa viwili, cha zamani na kipya, na hivyo viwili vikaugawa mtaa mpaka jikoni. Mtu hakumalizii salamu, ashakuuliza: "Uko upande gani?" Ukisema huna upande, wa huku na wa kule wanakuona msaliti. Watu walitegemea Mpemba atakwenda na kipya, kama ndugu zake wa kisiwani, na Bibi atabaki na cha zamani. Wakaenda kinyume, kama waliokusudia kutuudhi.

"Mie nabaki na cha zamani," alisema kungwi. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Mwenzangu, mimi limenijua sana," Bibi akamjibu. "Limebakisha mifupa."

Hapo walikuwa bado wanacheka. Mimi sikucheka, maana nilikwenda mikutano ya vyama vyote viwili na nilirudi na hasira. Mgombea wa chama kipya alikuwa wa chama cha zamani mpaka juzi. Alipoangushwa huko kwenye kura zao za ndani, akavua shati moja akavaa jingine. Na wagombea wote wawili waliahidi daraja la kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, daraja lile lile, pale pale panapovuka pantoni. Siku moja uzalendo ukanishinda, nikanyoosha mkono. Nikamuuliza yule wa chama kipya: "Ndugu mgombea, mlipokuwa pamoja na mwenzio, hilo daraja lilikuwa wapi?" Akasema hilo ni swali zuri sana, akaanzisha wimbo.

Karibu na uchaguzi wakaja na zawadi. Chama cha zamani kilileta kanga zilizoandikwa USITUACHE NJIANI. Chama kipya kikaleta zilizoandikwa TUMECHOKA KUNGOJA. Wanawake walijipanga, zikagawiwa, tukafunua. Lo! Upande mmoja. Kila mtu upande mmoja tu, vyama vyote viwili, utadhani walikaa wakashauriana. Nani duniani anampa mwanamke wa pwani upande mmoja wa kanga?

"Huyu anatuvika au anatuvua?" Bibi aliuliza, ameushika kwa ncha za vidole. Lakini alijifunga, kwa ubishi tu, na vijana wa chama kipya wakamshukuru kwa kusimika bendera yao kwenye baraza yetu.

Bendera ile ndiyo iliyoleta balaa. Kungwi alikuja asubuhi na bakuli la mbaazi kama kawaida yake, akaiona, akasimama.

"Siipiti chini hiyo," akasema.

"Basi usiingie," Bibi akajibu kutoka ndani.

Akageuka na mbaazi zake. Mbaazi, jamani, nimezinusa kabisa! Tangu hapo wakawa hawasemeshani, na mimi harusi yangu ilikuwa imewekwa wiki ile ya baada ya uchaguzi. Mchumba alikuwa wa Muheza, mtu wa machungwa, mpole, na kwao washaanza kuhesabu vyombo. Kwetu mwari hatoki bila kungwi wake. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemwingiza kwa mume, na anayekuja kuwatangazia wazee kwamba mambo ni mema. Ukipelekwa bila yeye, watu watasema umetolewa kwa mlango wa uani. Kwa hiyo nikawa natumwa huku na huku, navuka njia ile ndogo na maneno mdomoni.

"Mwambie mwari wangu n'namtaka," kungwi alisema, "ila nyumba yenye bendera ile siingii."

"Mwambie haishuki," Bibi alisema. "Asipotaka, makungwi wengine wapo."

"Bibi!" nikapiga kelele. "Kungwi habadilishwi kama shati la mgombea!"

Nikakimbilia chumbani nikalia mpaka macho yakavimba. Nililia kwa ajili ya harusi yangu, na nililia kwa ajili yao, maana Bibi alikuwa hali vizuri. Alikuwa anakaa dirishani akijifanya anapeta mchele, kumbe anautazama mlango wa pili. Na mchele wenyewe ulikuwa umekwisha kupetwa jana yake.

Siku ya kura tulikwenda shuleni asubuhi. Bibi alikuwa amejifunga TUMECHOKA KUNGOJA. Kungwi alikuwa mbele yetu kidogo, na USITUACHE NJIANI yake. Wamepeana migongo, mashavu yamejaa. Msimamizi akatoka, akaamkia vizuri, "Shikamooni mabibi," kisha akawaambia nguo za chama haziruhusiwi pale, waende wakabadilishe. Wote wawili wakarudi nyumbani, huyu kwa njia ya msikitini, yule kwa njia ya sokoni, wasikutane.

Nilimshikia Bibi nafasi. Alivyorudi nikaona kajifunga upande wa kahawia wenye maua meupe, ule wa shida, umepauka, na mtandio mweusi kichwani. Nyingine zote zilikuwa zimelowekwa kwa ajili ya harusi. Sijasema neno, kungwi huyo anakuja kutoka upande wa pili. Na yeye kahawia, maua meupe, mtandio mweusi. Nikauma mdomo.

Aliyewaona wa kwanza ni mama mmoja muuza samaki, mwenye sauti ya kuitia wateja ng'ambo ya mto. "Jamani, njooni muone!" akapaza. "Doti imeachana! Upande mmoja chama cha zamani, upande mmoja chama kipya!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, hata askari. Bibi akakaza uso. Kungwi akawa anatazama juu ya paa, lakini mabega yake yalikuwa yanatetema, na Bibi akayaona.

"Unacheka nini?" akamuuliza. Ndilo neno la kwanza tangu siku ya mbaazi.

"N'nakucheka wewe. Umejifunga juu chini, jina limesimama kwa kichwa."

Bibi akajitazama. Kweli, kajifunga juu chini. "Si kwa sababu hukuwepo wa kuniambia," akasema. Kungwi akatoka kwenye nafasi yake, akaja akamfungua, akamgeuzia, akamfunga upya mbele ya watu kama mtoto, huku wote wawili wanacheka na machozi yanawatoka. Nami nikawaunga mkono, nikalia tena. Mwezi ule nililia sana.

Waliingia kupiga kura wakifuatana. Bibi alipotoka, kijana wa chama kipya aliyekuwa kule nje ya uzio alimsogelea, anatabasamu.

"Bibi, umetupa?"

"Nimewapa. Nimewawekea alama wote wawili, wewe na mwenzio."

"Wote wawili! Bibi, kura yako imeharibika!"

"Sikuiharibu mimi, mwanangu," Bibi akasema kwa upole. "Nimeikuta hivyo. Kila mmoja wenu kanipa upande mmoja, na upande mmoja hausitiri."

Kijana akamgeukia kungwi, pengine akitafuta faraja. Kungwi akamwambia yeye hakuweka alama popote. Atakayeleta doti nzima ndiye atakayempa. Yeye na Bibi wakashikana mikono wakaenda zao. Baadaye tulisikia katika kituo chetu kura zilizoharibika zilikuwa tele, na wakubwa wa pande zote mbili walisema wanawake wa Pangani wanahitaji semina. Semina! Yule muuza samaki alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni ile Bibi aling'oa bendera mwenyewe. Mlingoti hakuutupa, ukawa nguzo ya turubai la harusi yangu. Kungwi aliingia na bakuli la mbaazi, akaniogesha, akaniimbia, akanisema makosa yangu yote tangu utotoni. Siku yenyewe bwana harusi alichelewa, gari lao liliharibika wakitoka Muheza, na wapishi waliokuwa wameunganisha zile kanga mbili za vyama wakajipanga mlangoni kumpokea, upande huu kiunoni, upande huu kichwani, ikawa inasomeka TUMECHOKA KUNGOJA, USITUACHE NJIANI. Masikini, alidhani zimeandikwa kwa ajili yake. Aliomba radhi kwa wote.

Mmoja wa wagombea wale alishinda, akaenda zake, na daraja tukaendelea kulisikia. Chaguzi zilizofuata niliulizwa niko upande gani, na kila mara nilirudi nyumbani nimekasirika, halafu namkumbuka Bibi na kicheko kinanitoka peke yangu.

Bibi alifariki asubuhi moja ya mvua, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nyumba ilijaa wanawake. Nilikuwa nimekaa mkekani nimejitanda, nikawaona wanapisha njia. Kungwi aliingia, mzee sasa, mgongo umeinama, amejifunga upande wake wa kahawia kiunoni na kichwani hana kitu. Hakunisalimu, hakumtazama mtu. Akapita mpaka chumbani, nikasikia kifuniko cha sanduku la Bibi kinafunguliwa. Alitoka amejitanda upande wa pili, akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Hakuomba.