Shemeji Aliyebaki Shimo la Tisa

Fimbo iliyomfukuzisha Nzunda kazi ilitoka ardhini imenasa kwenye jembe la trekta, kichwa chake kimeliwa na kutu. Dereva alisimama akaniuliza kama hicho ni kipande cha bomba. Nilimwambia ni fimbo ya gofu, kisha nikakaa kwenye tuta. Jibu lenyewe lilikuwa limechelewa miaka mingi.

Vijana wanaoniuliza nilifanya kazi gani Mbozi hucheka nikiwaambia nilikuwa mtu wa gofu. Gofu huku kwetu, kwenye kahawa na mahindi? Ndiyo. Niliingia kazini enzi za ruksa, mashamba makubwa yalipoanza kurudi kwa watu binafsi. Shamba letu lilikuwa nje kidogo ya Mlowo, na ndani yake mlikuwa na uwanja wa mashimo tisa ulioachwa na walowezi. Kwa miaka mingi ng'ombe walikuwa wakilishwa pale. Mwenye shamba mpya akaufyeka, akapanda nyasi, akatangaza anataka makedi, yaani wabeba fimbo.

Siku ya kwanza nilikwenda nikidhani nitafundishwa kupiga mpira. Kapteni wa Makedi, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua hata kiangazi, alinitwika begi begani.

"Kupiga ni kazi yao," alisema. "Kazi yako wewe ni kurudi nacho."

"Nacho nini, Kapteni?"

"Chochote ulichotoka nacho."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote, na ilinichukua muda kuielewa. Mchezaji wa gofu ni mtu anayetembea akiacha vitu. Anavua glovu aandike alama zake, anaitundika kwenye tawi la mbuni, anaondoka. Anachomeka mwavuli ardhini jua likitoka. Anavua kofia ya fimbo, ule mfuko mdogo wa kukinga kichwa chake, anaitia mfukoni, na inadondoka akitoa leso. Kedi mzuri hamtazami mpira unakokwenda. Anatazama mikono.

Lakini kitu kilichoachwa kuliko vyote kilikuwa weji. Hiyo ni fimbo fupi yenye uso mpana uliolala, ya kunyanyua mpira ukiwa karibu na shimo. Mchezaji anafika kwenye grini, kile kipande cha nyasi zilizokatwa chini kabisa kuzunguka shimo, akiwa na fimbo mbili: weji, na ile ya kusukumia mpira shimoni. Ananyanyua mpira kwa weji, anailaza chini, anasukuma kwa ile nyingine, anashangilia au analaani, anaondoka. Weji imelala pale pale. Kapteni alitufundisha kuilaza upande wa kutokea, kwenye njia ya kwenda shimo linalofuata, ili mguu uikanyage hata kama jicho limeisahau.

Makedi wengi hawakusoma sana, na majina ya kizungu ya fimbo yaliwachanganya. Basi Kapteni aliziita kama ukoo. Ile ndefu ya kuanzia ilikuwa Babu. Ile ya kumalizia ilikuwa Bibi, kwa kuwa ndiye anayefunga maneno nyumbani. Zile za katikati zilikuwa watoto. Na weji ilikuwa Shemeji.

"Kwa nini Shemeji?" nilimuuliza.

"Anakuja kwa shughuli fupi," alisema, "halafu mnasahau kumsindikiza."

Kila tulipotoka kwenye grini, Kapteni alipiga kelele, "Shemeji kapanda?" Kedi alishika weji ndani ya begi kwa mkono wake, hakutazama tu, akajibu, "Kapanda!" Wageni walidhani tunaimba.

Baada ya misimu kadhaa nilipandishwa kuwa mtunza stoo. Kazi yangu ilikuwa kupokea mabegi, kufuta fimbo udongo kwa kitambaa chenye mafuta, na kuzitazama asubuhi kabla hazijatoka. Ilikuwa kazi ya kusimama siku nzima kwenye sakafu ya saruji, na baridi ya Mbozi ya mwezi wa sita mnaijua. Maumivu ya miguu niliyonayo leo yalianzia pale.

Nzunda alikuwa kedi bora kuliko wote. Kwao ni hapo hapo Mbozi, watu wa kahawa, na alipenda mzaha. Wageni kutoka Zambia walimwomba kwa jina. Walikuwa watu wa migodini, wanaoijua gofu kuliko sisi, na walivuka Tunduma kila mwisho wa kiangazi kuja kushindana na mabwana wa huku. Mmoja wao, Bwana Chanda, mwaka mmoja alimleta kaka wa mkewe. Alishuka garini akatuambia, "Huyu ni mulamu wangu, mumtunze." Mulamu kwa Kibemba ni shemeji. Makedi walicheka hadi wakajishika mbavu.

Yule shemeji hakuwa mchezaji. Alipenda kahawa. Alizurura kwenye mibuni akiuliza kila mti una umri gani, na mara mbili ilibidi Nzunda atumwe kumtafuta. Siku nzima uwanja ulikuwa "Shemeji yuko wapi?" na "Shemeji kapotea tena!"

Alasiri mawingu yakajikusanya upande wa Momba. Ilikuwa dalili ya mvua ya kwanza, na wageni walitaka kuwahi kabla geti la mpakani halijafungwa. Gari la Bwana Chanda lililetwa hadi kando ya shimo la tisa, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mpira wa mwisho ukaingia, Nzunda akabeba begi mbio kwenda kwenye buti. Kapteni akapaza sauti kama siku zote.

"Shemeji kapanda?"

Nzunda alitazama kiti cha mbele. Yule mtu wa kahawa alikuwa ameketi, anajipepea kwa kofia.

"Kapanda, Kapteni! Amekaa mbele kabisa!"

Kapteni alicheka, akidhani Nzunda anakoleza mzaha. Mlango ulifungwa, gari likaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo, nikasikia yote, nikacheka pia. Mvua ilianguka hata hatujaanua bendera.

Habari ilirudi kupitia dereva wa lori: weji ya Bwana Chanda haipo. Alipewa na bosi wake wa zamani mgodini, na hakuficha kwamba anadhani imeibwa. Meneja wetu hakuwa mtu mkali, ila alikuwa mtu wa kuogopa aibu. Alituita ofisini sisi watatu, mimi, Kapteni na Nzunda.

"Ulijibu fimbo ipo," alimwambia Nzunda.

"Nilijibu mtu yupo, Bwana Meneja. Niliulizwa shemeji. Shemeji alikuwa ndani ya gari."

Kapteni alimuunga mkono, nami nikaeleza nilichosikia. Meneja alitusikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Sasa mnataka nimwambie mgeni kwamba weji yake tumeichanganya na kaka wa mkewe?"

Ukweli wetu ulikuwa na sura ya uongo.

"Kila kitu kinauzika Tunduma," alisema. "Ilete kabla ya Jumapili au uondoke."

Tuliitafuta. Bwana Chanda alikuwa ametuma neno kwamba mara ya mwisho aliitumia shimo la saba, kwa hiyo Meneja aliamuru watu wote wafyeke la saba. Nzunda alisema ni la tisa, hakusikilizwa. Mimi na yeye tulikwenda la tisa wenyewe, tukapapasa nyasi kwa magoti. Kando ya grini kulikuwa na mtaro wa kuchepusha maji, na mvua ile ya kwanza ilikuwa imeujaza tope. Tulichoma tope kwa mti hapa na pale. Jumapili ikafika.

Nzunda alipokuja kunirudishia fulana ya kazi, hakuwa na mzaha.

"Hapo Mlowo wameanza, kaka," alisema. "Nikipita sokoni wanauliza, 'Nzunda, shemeji umemuuza wapi?' Mke wangu kabadilisha njia ya kwenda kisimani."

"Itaonekana."

"Ikionekana uniite. Hata nikiwa mzee. Uniite mbele ya watu, wasikie."

Nilimkubalia. Mwezi uliofuata alikwenda Galula kuchimba dhahabu, na familia ikamfuata.

Kapteni alifuta majina ya ukoo. Fimbo zikaitwa kwa namba, na kedi akishika weji alitakiwa kuinyanyua juu ionekane. Hazikupotea tena. Kazi ikawa salama, ikawa kimya, ikachosha zaidi.

Kisha nilihamishiwa Tunduma, kwenye ofisi ndogo ya shamba, kuwapokea wageni mpakani na kuhakikisha fimbo zilizoingia ndizo zinazotoka. Forodhani walizizoea, ingawa afisa mmoja mpya aliwahi kuniuliza kama ni za kupigia nyoka. Kila Mzambia aliyepita nilimuuliza habari za Bwana Chanda. Mmoja aliniambia amestaafu mgodini, amerudi kijijini kwao. Kijiji gani, hakujua.

Wageni wakapungua. Migodi ilibadilisha wenyewe, shamba nalo likauzwa. Meneja mpya, kijana msomi na mpole, aliniita nikasimamie kulimwa kwa uwanja.

"Mzee, unaona uchungu?" aliniuliza.

"Naona kazi, Meneja."

Ndipo jembe lilipofika kwenye ule mtaro wa shimo la tisa, uliokwisha kujifukia siku nyingi.

Kapteni alikuwa ameshazikwa. Meneja wa zamani aliondoka nchini. Niliibeba ile weji hadi sokoni Mlowo nikawaonyesha watu. Wauza simu na viatu waliitazama kwa adabu, wakaniuliza kama inauzwa. Mwanamke mmoja tu, muuza maharage wa siku nyingi pale sokoni, ndiye aliyeigusa kutu kwa kidole, akasema, "Kumbe."

Nilipanda bodaboda hadi Galula. Nilitaja jina la Nzunda kila mahali, hakuna aliyelijua. Nilipoeleza sura na mizaha yake, mama ntilie mmoja aliacha mwiko.

"Unamsema Shemeji? Huyo alihama na familia yake. Wengine wanasema Momba, wengine wanasema alivuka."

"Nani alimpa jina hilo?"

"Alikuja nalo. Alisema tumwite hivyo."

Sikujua kama alilibeba kwa uchungu au kwa mzaha, na bado sijui. Nilimwachia yule mama namba yangu ya simu.

Nimestaafu, ninaishi Chapwa, kando ya Tunduma, na sitembei mbali tena. Nimeifuta ile weji kwa kitambaa chenye mafuta, kama nilivyofundishwa. Iko nyuma ya mlango, upande wa kutokea. Nzunda bado hajaambiwa kwamba imeonekana.