Maabara Iliyojaa Salfa ya Mikorosho

Mwalimu Dionisia Nachundu amechuchumaa barazani, nje ya maabara yenye kufuli. Anabandika selotepu kwenye jiwe jeusi, anaikandamiza kwa dole gumba, anaibandua. Selotepu inatoka na weusi unaong'aa. Anaikunja, anaibandua tena, na kila akirudia ule weusi unazidi kuwa mwembamba.

"Endeleeni mpaka msiuone," anawaambia wanafunzi wa kidato cha nne waliomzunguka. "Pale macho yanaposhindwa, ndipo kazi yenyewe inapoanzia."

Jiwe hilo ni kinywe, madini yanayotengenezewa penseli. Hapa wilayani Ruangwa watoto huliokota njiani wakachorea kuta, na mama zao huwagombeza kwa kuchafua nguo. Wanafunzi wanafurahi. Mwalimu wao hafurahi. Kila akigeuka anakutana na lile kufuli.

Dionisia, mzaliwa wa Lionja, Nachingwea, anafundisha Kemia katika sekondari hii ya kata. Likizo iliyopita alichaguliwa kwenda chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, kwenye mpango wa kuwaingiza walimu wa sekondari katika utafiti wa uhandisi wa nano, yaani kutengeneza vitu kwa chembe na tabaka ndogo zisizoonekana kwa macho. Hawakwenda kusikiliza mihadhara. Walivaa makoti, wakashika vifaa, wakakosea, wakarudia.

Siku ya kwanza alipewa kichupa cha unga mweusi kutoka ng'ambo. Akausugua vidoleni.

"Nikasema, jamani, hili si jiwe la kwetu? Mtafiti niliyepangiwa naye, Aneth, akadhani natania. Nikampigia mume wangu, akaweka mawe kwenye basi. Kondakta akawa anamcheka, eti mwenzetu unatuma mawe mjini?"

Mawe yakafika. Wakayabandua kwa selotepu namna hii hii, wakahamishia mabaki kwenye kipande cha silikoni, wakachungulia kwa hadubini. Wakauona utando hafifu wa kaboni, mwembamba kiasi kwamba huwezi kuupasua ukapata nusu ya unene wake. Umetoka kwenye jiwe la njiani, Ruangwa.

"Nililia," ananiambia mimi mwandishi, na sauti inapanda. "Usiandike nililia kwa furaha. Ni kwa hasira! Miaka yote nachora muundo wa kinywe ubaoni, watoto wanakariri, huku viatu vyangu vimechafuka kwa kinywe hicho hicho. Nani alituroga tukaamini sayansi ni kitu cha kunakili?"

Aliporudi aliitwa kwenye kikao cha mrejesho, kama ilivyo desturi kwa mtumishi aliyetoka mafunzoni. Akaenda na mawe yake na selotepu. Msimamizi wa kikao akamkatiza kabla hajabandua hata mara moja.

"Mwalimu, hapa tunataka mrejesho, siyo maigizo."

Yaani mafunzo yawe kwa vitendo, mrejesho uwe kwa maneno. Basi akasimama, akasema maneno. Wenzake wakapiga makofi, wakanywa soda, wakaondoka kama walivyokuja. Nakiri kwamba hata mimi nilipoandika haya kalamu ilinishinda kwa hasira.

Na maabara? Chungulia dirishani ujionee. Mifuko ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, imepangwa mpaka juu ya meza za majaribio. Kata haina ghala, ndiyo maelezo. Msimu wa kupulizia umeshapita na mifuko iliyobaki ipo pale pale. Hutolewa mara moja kwa mwaka, mtihani wa vitendo unapowadia, kisha hurudishwa. Wanafunzi wa Kemia wamejengewa maabara, na kemikali iliyojaa humo ni ya mikorosho.

Prisca, anayesoma kidato cha nne, anajua maana yake.

"Kaka yangu alishika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, mara ya kwanza kwenye mtihani," anasimulia. "Alikuwa anaisuuza, ikamponyoka, ikaanguka ikavunjika. Akatoka analia. Saa hizi anaendesha bodaboda Nachingwea, na ukimtajia Kemia anawasha pikipiki anaondoka. Mimi mtihani wangu ndio huo unakuja. Maswali siyaogopi. Naogopa bureti."

Nilimfuata mkuu wa shule. Akaniambia ufunguo uko kwa mtendaji wa kata. Nikamfuata mtendaji. Akaniambia uko kwa mkuu wa shule. Ukiwasikiliza hao wawili utadhani kufuli lilijifunga lenyewe.

Mzee Adinani Likwachala, mkulima mwenye mjukuu katika shule hii, hakucheka nilipomsimulia safari yangu ya ufunguo.

"Sisi mchanga huu tumesomba wenyewe, na matofali tumefyatua wenyewe," alisema. "Tuliambiwa maabara, tukakubali. Hakuna aliyesema ghala. Mimi salfa naitaka, mikorosho ninayo. Lakini mwanangu, salfa haifanyi mtihani."

Chuo kiko tayari kumleta Aneth na hadubini likizo ijayo, awanoe walimu wa Ruangwa na Nachingwea kwa vitendo, akisaidiana na Dionisia. Wameuliza jambo moja tu kwa simu: chumba kipo?

"Nimewajibu kipo," Dionisia anasema huku akifuta vidole vyeusi kwenye kitenge. "Sikudanganya, si hicho kinaonekana? Sasa anayetaka mimi niwe mwongo ajitokeze."

Wazazi wamekubaliana kuja Jumamosi kuhamisha mifuko, waipange barazani kwa mtendaji. Mzee Adinani analeta mkokoteni.

Nikamuuliza Dionisia, na ufunguo je?

Anainuka, anagonga bawaba za mlango kwa ile selotepu.

"Mlango huu aliutundika fundi Gregori, hapa hapa kijijini. Nimeshaongea naye, anakuja na bisibisi," anasema. "Kufuli tutawaachia wenyewe."