Mrusi wa Meza za Karibu na Mlango

Nilikwenda Doha kwa ukaidi, kwenye mashindano ambayo yeyote aliruhusiwa kuingia. Nilikuwa nimecheza sataranji miaka mingi katika mabwalo ya shule na vyuo vya Kenya, lakini sikuwahi kukaa mbele ya Grandmasta, mwenye cheo kikubwa kuliko vyote katika mchezo huu. Walimu wenzangu Machakos waliniuliza kama huko kuna hela. Niliposema hapana, wakauliza basi nafuata nini. Nilitaka sare moja tu dhidi ya mmoja wa wakubwa hao, halafu nirudi kusahihisha madaftari yangu ya hesabu kwa amani.

Kwenye uwanja wa ndege wa Doha alinipokea Mwende, binti wa shangazi yangu, mlinzi katika duka kubwa la mjini.

"Aki dada, kumbe ni ukweli!" alisema akicheka. "Wasee wote hukuja huku kutafuta kazi, wewe umekuja kucheza?"

Huko Najma, mtaa wa maduka madogo na nyumba zilizobanana, Mwende alikuwa na chumba chenye kitanda kimoja. Alifanya zamu ya usiku, kwa hiyo kitanda tulipokezana: mimi naamka, yeye anavua viatu. Nilidhani ninakwenda kwa ndugu, kumbe nilikuwa ninaishi na shuka zake. Jioni nilikula chapati peke yangu nikisikiliza majirani wakipiga simu kwao kwa lugha nisizozijua.

Asubuhi ya kwanza nilipanda basi hadi ukumbi wa mashindano. Jukwaani kulikuwa na meza za wenye majina, zimewekewa bendera na taa. Sisi wengine tulipangwa nyuma, na mimi nilikuwa karibu na mlango wa vyoo. Nilipigwa siku hiyo. Kesho yake nikapigwa tena, na aliyenipiga hakunitazama usoni.

Siku ya tatu nilimwona Arkadi. Alikuwa Mrusi mwenye koti zito ndani ya jiji la joto, Grandmasta, na alikuwa meza chache tu kutoka kwangu. Kijana aliyemshinda, naye mwenye cheo, alikuwa ameshakimbilia kompyuta yake. Desturi ya mchezo ni kwamba mkimaliza, mnabaki mkipitia pamoja mlipokosea. Arkadi alikuwa amebaki, lakini mbele yake palikuwa na kiti kitupu. Nilipopita na mkoba wangu aliniuliza kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, "Una haraka?"

Sikuwa na haraka. Nani alikuwa ananingoja?

Tangu hapo, kila mchezo ulipokwisha tulikaa kwenye benchi la nje tukinywa chai ya maziwa yenye iliki, na akanisimulia maisha yake mashindano kwa mashindano. Alipata cheo akiwa kijana, katika ukumbi ambao watu walivaa glavu kwa baridi. Baada ya nchi yake kuvunjika, alizunguka Ulaya kwa treni, mji huu leo, mji ule wiki ijayo, nguo zikikauka dirishani. Mke alichoka kungoja. Miaka ya elfu mbili na kitu alikuja hapa hapa Doha, akakaa kwenye meza za jukwaani.

"Cheo hawakunyang'anyi," aliniambia. "Wanakisogeza tu karibu na mlango."

Nilimuuliza ataacha lini. Alijibu bila kufikiri: "Siku nitakayoshindwa na mtu asiye na cheo. Siku hiyo narudi nyumbani na sitoki tena."

Sikulitilia maanani neno hilo hadi ratiba ya raundi ya mwisho ilipobandikwa ukutani jioni ya kuamkia siku ya mwisho. Katika mashindano haya, anayeshinda hupandishwa akutane na washindi wenzake, na anayeshindwa hushushwa. Arkadi alikuwa ameshuka hadi akanifikia mimi, nisiye na cheo. Benchini hatukukaa pamoja siku hiyo, maana wapinzani hawanywi chai pamoja kabla ya mchezo. Alikaa upande wake, nami upande wangu.

Mwende nilikuwa nimemweleza habari za Arkadi asubuhi mlangoni.

"Mpige tu," alisema. "Mimi huku hakuna mtu hunionea huruma, na niko poa." Hakuonekana poa. Alikuwa amelala na viatu kabla sijafunga mlango.

Ukumbini, mchana, nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza. Nilikula askari wake mmoja, nikamfunga mfalme wake pembeni, na muda wake kwenye saa ya mezani ulikuwa unamwishia. Nilijua ninashinda. Nikakumbuka benchi, na treni, na lile neno lake. Nikasema kwa sauti ya chini, "Sare?"

Aliinua macho. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake.

"Hapana," akasema.

Aibu ilinivuruga. Nikasogeza ngome mahali pa kijinga, na Arkadi, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kungoja makosa ya wengine, akanimaliza. Mwamuzi akaandika kwamba ameshinda. Tukashikana mikono, nikasimama.

"Kaa," alisema.

Wafanyakazi walikuwa wanakunja vitambaa vya meza. Arkadi alirudisha kila kitu pale nilipoomba sare. "Kwa nini hapa?"

"Nilikumbuka ulichosema. Nilikuonea huruma."

"Basi uliondoka," alisema. "Uliniacha peke yangu na vipande vya mbao. Watu wengi wameniacha, mwalimu, lakini si katikati ya mchezo." Akasukuma saa kando. "Cheza. Safari hii ubaki."

Nilibaki. Nilimsukuma askari wangu hatua kwa hatua, naye akajitetea kwa kila alichokuwa nacho, akinung'unika Kirusi, na mara mbili nilidhani ameniponyoka. Mwishowe askari wangu alifika mstari wa mwisho akageuka malkia. Arkadi alilaza mfalme wake taratibu, akanipa mkono.

"Asante. Sasa nimeshindwa."

"Lakini wameandika kwamba umeshinda!"

"Wameandika wao. Mimi nilikuwepo."

Akavaa koti lake na kutoka jua likiwa bado kali.

Siku ya kurudi niliagana na Mwende mlangoni, yeye akiingia nami nikitoka. Nilimkumbatia kwa muda mrefu hadi akauliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, nilitaka tu kukaa naye kidogo.

Machakos waliniuliza kama nilipata sare yangu. Niliwaambia nilishindwa, na ndivyo ilivyoandikwa. Wanafunzi wangu siwaruhusu tena kumwachia mtu mchezo kwa huruma, na wananiona katili. Kila mashindano yanapotangazwa natafuta jina la Arkadi, na silioni. Nilimshinda Grandmasta mmoja maishani mwangu. Anayejua ni mtu mmoja tu, naye hachezi tena.