Drafti ya Baba na Kitabu Kilicholiwa na Mchwa

Kabla ya kupata kiharusi, baba yangu alikuwa seremala, na kila alasiri baada ya swala alikwenda kucheza drafti na wenzake karibu na soko la Tabora. Ugonjwa ulimnyang'anya mguu na mkono wa kulia, ukamwachia akili yake yote. Mwanzoni wenzake walikuja kucheza naye nyumbani. Baadaye wakawa wanatuma salamu tu.

Shangazi yangu, aliyekuwa akiishi Ulaya, ndiye aliyetuletea kompyuta iliyokwishatumika na mchezo wa drafti ndani ya boksi lake, alioununua dukani kihalali. Ulikuja na diski na kitabu cha maelezo. Kila ukiuwasha, kabla hujaona ubao, uliuliza swali: fungua ukurasa fulani, mstari fulani, andika neno fulani. Shangazi alinieleza kuwa ni kinga. Anayenakili diski kwa wizi hana kitabu, kwa hiyo hawezi kujibu.

Nikaona sawa. Asubuhi, kabla sijapanda baiskeli kwenda kufundisha shuleni Kwihara, nilimwandikia baba neno lililotakiwa, naye akacheza kwa mkono wa kushoto. Umeme ukikatika na kurudi, swali lilianza upya. Baba hakujua Kiingereza. Nilikuwa nikimkuta ameketi mbele ya swali lile, akinisubiri kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake.

Msimu wa mvua mchwa walipanda nyuma ya kabati tulimoweka kitabu. Nilipokivuta kitabu, jalada lilikuwa zima, ndani udongo mtupu.

"Baba, kitabu kimeliwa."

"Chote?"

"Limebaki jalada."

Alitazama kioo cha kompyuta, akasema taratibu, "Si uiambie tu kwamba ni mimi?"

Nilibahatisha maneno. Nikikosea mara chache, mchezo ulijifunga wenyewe. Shangazi akawaandikia watengenezaji. Wakajibu kwamba wako tayari kutuuzia kitabu kingine, ila kwanza tuwapelekee ukurasa wa kwanza wa kile cha zamani, uwe uthibitisho kwamba tuliununua mchezo. Nilipoambiwa jibu lile masikio yalinichemka. Ukurasa wenyewe ulikuwa tumboni mwa mchwa!

Nikampelekea diski fundi mmoja wa kompyuta pale mjini. Alicheka hata kabla sijamaliza kueleza.

"Dada, hii wanayo wengi, na hawaulizwi chochote. Walioinakili walishaling'oa hilo swali zamani."

"Yaani aliyeiba anacheza, sisi tulionunua tunazuiwa?"

"Ndiyo hivyo. Nikuwekee?"

Nilimwambia anipe tu diski yake, nitaiweka mwenyewe. Kufuli lile halikumzuia mwizi hata mmoja. Lilimzuia mzee mgonjwa.

Nilirudi na diski ya fundi, lakini sikuiweka kwanza. Baba hakuwahi kupokea mbao za magendo kwenye karakana yake, hata pale wateja walipokuwa wakimsumbua.

"Hii ni ya wizi, Baba."

Akaniuliza, "Ile ya kwetu, tuliinunua au hatukuinunua?"

"Tuliinunua."

"Basi weka, mwanangu. Hapo sioni niliyemwibia."

Ubao ukatokea moja kwa moja. Baba akasogeza kete kwa mkono wa kushoto, akaguna, akaniambia niondoke mbele yake. Alicheza hivyo, umeme ukija na kuondoka, mpaka maradhi yalipomzidi akafariki.

Juzi niliukuta mchezo uleule ukiuzwa kwenye mtandao. Tangazo linajisifu kuwa swali la kitabu limeondolewa, kwa ajili ya raha ya mteja. Nililisoma mara mbili. Kumbe kilikuwa kitu cha kuondolewa tu! Mvua yote ile baba alikaa akitazama swali asiloweza kulisoma, katika mchezo aliokuwa na haki nao, na hakuna aliyewahi kututaka radhi. Umri umenienda, nimesamehe mengi. Hilo bado.