Mbuzi Waliokataa Kuingia Bomani

Filamu yangu ya kwanza ya jini niliirekodi kwa simu, nikaionyesha mchana kwenye ukumbi wa video hapa Isiolo. Jini alitokea mwanzoni kabisa, amejifunika shuka. Dada yangu alicheka kuliko wote, maana shuka lilikuwa lake. Nilinuna wiki nzima.

Kisha nikamtoa jini kabisa. Nikarekodi mbuzi wa jirani wakirudi jioni, na mbwa wangu nikamficha ndani ya boma ili wamwogope. Jioni ya kwanza mbuzi mmoja anasita langoni, halafu anaingia. Jioni ya pili wanasita watano. Jioni ya tatu kundi zima linakataa. Lango liko wazi, na ndani hakuonekani kitu. Huku kwetu hata mtoto anajua mbuzi hukimbilia kwao.

Niliwaita watu wale wale waliocheka. Wauza miraa walisahau kutafuna. Filamu ilipoisha nikafungua mlango wa ukumbi, nje jua kali, na hakuna aliyeinuka. Dada yangu akaniambia nitangulie mimi kutoka.

Nikavuta kiti, nikaketi.