Siku Nilipowaita Mbuzi wa Napoli

Habari hii mke wangu aliisikia kwa Athumani, si kwangu, maana mimi niliona haya hata kuitoa mdomoni, lakini kwa kuwa mmeshaanza kucheka kabla sijasema neno, basi nisikilizeni niieleze mwenyewe, kwa sababu Athumani huongeza chumvi (mbuzi walikuwa kumi na wawili, si arobaini).

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, gari la moshi limeshafika Dodoma. Bwana mmoja aliyekuwa akiandika lugha yetu ya Kigogo kwenye madaftari yake alinitoa kijijini kwetu Mkonze anipeleke kwao Ulaya, nikawatamkie wenzake maneno wayasikie kwa masikio yao. Kazi yangu ilikuwa mdomo tu. Athumani, Mrangi wa Kondoa, alikuwa mpishi wake. Baada ya siku nyingi za bahari meli ikatia nanga Napoli, mji wa Wataliani, Bwana akatuambia, "Tembeeni, lakini saa nane mchana tunaondoka. Meli haimngoji mtu."

Jamani, mji ule! Nilikuwa nimeambiwa Ulaya ni baridi tupu, nikashuka na koti zito la sufu juu ya mashati mawili, kumbe jua linawaka kama la kwetu wakati wa kiangazi, nguo zimeanikwa kwenye kamba toka dirisha hili hadi lile juu ya vichwa vya watu, machungwa yamerundikwa kila kona, na watu wanaimba huku wanafanya kazi. Nilitembea nikitabasamu peke yangu, jasho linanitiririka, namshukuru Mungu kwamba mtoto wa mchunga mbuzi ameyaona haya.

Ndipo nikawaona. Mbuzi, tena katikati ya mji! Mama mmoja mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alikuwa akiwapitisha mlango kwa mlango, akifika kwa mteja anachuchumaa, anakamua papo hapo. Mwezi mzima sikuwa nimenusa mbuzi. Machozi yalinilengalenga (cheka tu, Athumani).

"Ndahani, ndugu yangu," Athumani akasema, "mbuzi wa watu hao. Twende zetu."

"Nawasalimia tu," nikamjibu.

Nikaweka ulimi kwenye meno, nikapiga ule mwito ambao baba alinifundisha wa kuwarudisha zizini. Mara moja tu. Mbuzi wote kumi na wawili wakainua vichwa, yule aliyekuwa akikamuliwa akapiga ndoo teke, maziwa yakamwagika, wakanijia. Nikarudi nyuma, wakazidi. Nikakimbia (na mimi mfugaji, najua kabisa mbuzi humfuata anayekimbia!), nao wakakimbia, beberu akanasa kwa pembe zake shuka la mtu lililoning'inia chini, tukatokea wote uwanjani mbele ya kanisa, ambapo watu walikuwa wakitoka kubatiza mtoto, wamevaa vizuri, wameshika maua. Mbuzi wakayavamia maua. Beberu akanigonga mgongoni, nikaanguka miguuni pa bibi wa mtoto, na shuka likanifunika gubigubi.

Nilitamani nibaki humo humo. Askari mwenye masharubu akalivuta shuka, akanishika ukosi, uwanja mzima unacheka na kupiga makelele, na Athumani simwoni. Saa ya kanisa ikagonga saa saba. Nikajua nikifungwa hapa, kwetu watasema nilipotea baharini.

Yule mama akafika anahema, ndoo mkono mmoja, mwingine kiunoni. Sikujua hata neno moja la kwao. Nikapiga goti nikasema, "Shikamoo, mama. Nisamehe. Nilikuwa na hamu ya nyumbani." Hakuelewa. Basi nikawatuliza mbuzi kwa sauti ya chini, wakanizunguka. Nikachukua ndoo mkononi mwake, nikachuchumaa, nikamkamua jike aliyejaa mpaka povu likapanda, nikampa bibi wa mtoto kwa mikono miwili. Akanywa. Akasema neno, watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kingine. Mama akaniondolea mkono wa askari ukosini kama mtu anayefukuza nzi.

Kisha nikamwonyesha bandari kwa kidole, nikaiga honi ya meli. Akaelewa! Akanishika mkono, akaniongoza mbiombio kwenye vichochoro, mbuzi nyuma, na nusu ya watu wa ubatizo nyuma ya mbuzi. Abiria wote walikuwa wamejipanga juu melini wakitazama, kwa kuwa Athumani alikuwa ametangulia kumwomba nahodha asubiri kidogo (ndiyo maana naye simchukii). Bwana akaniangalia toka viatu hadi kichwa.

"Ndahani," akasema kwa Kigogo safi, wenzetu wa Ugogo wote wasingemshinda, "nilikutuma kutembea, sikukutuma kuleta mifugo."

Mama akanitia mfukoni jibini iliyofungwa kwenye jani, akanipigapiga shavuni, akasema maneno mengi. Nikapanda. Meli ilipokuwa imeshaacha gati ndipo nikamuuliza baharia, "Asante, kwao wanasemaje?"

"Grazie."

Nikaegemea ukingoni nikalipigia kelele neno hilo kwa nguvu zangu zote, mara tatu, nne, abiria wakaniona nimerukwa na akili. Alikuwa mbali mno, kitambaa cheusi tu kati ya mbuzi, sijui kama alisikia. Mwito wa mbuzi nimeuacha kwa wenye mbuzi wao. Lakini siku hizi nikiingia nchi ya watu, kabla sijauliza maji wala njia, namshika wa kwanza ninayekutana naye nimuulize asante inasemwaje.